Kuunganisha na kukata mabehewa bila kuumia: mwongozo kwa anayeanza shanting

Vijana wanaoanza shanting, yaani kazi ya kupanga, kuunganisha na kukata mabehewa yadini, wanauliza yaleyale kila siku. Nisimame wapi kichwa (injini ya treni) kikija, koki (vali ya bomba la upepo wa breki) ipi nafunga kwanza, mbona wenzo haunyanyuki, alafu lile la jiwe, eti nikiweka jiwe chini ya gurudumu si inatosha? Kwaiyo nimeyaweka yote sehemu moja, na hilo la jiwe nitalijibu kwa urefu mana ndo kosa linaloua watu wengi kwa mpigo mmoja.

Nazungumzia kapla (kiunganishi cha mabehewa) ya otomatiki, ile yenye nako, kidole kinene cha chuma kinachofunguka na kujifunga. Ndo utakayoikuta kwenye reli yetu ya zamani ya Tanzania ya mita moja, TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), na mabehewa ya mizigo ya SGR. Kama upo Ulaya usifuate huu, huko mabehewa mengi ya mizigo bado ni ndoano na skrubu katikati ya bafa mbili, shanta anaingia ndani kufunga kwa mikono yake, ule ni utaratibu mwingine kabisa. Treni za seti za umeme nazo zina kapla zao zinazounganisha mpaka upepo na umeme kwa pamoja, hizo waachie waliofundishwa. Na popote nitakapotofautiana na kitabu cha kanuni cha shirika lako, fuata kitabu.

Kapla inafanyaje kazi

Kwa ufupi tu. Zamani Marekani mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini, mtu anasimama katikati ya mabehewa mawili yanayosogeleana, anaelekeza pete kwa mkono alafu anadondosha pini. Wafanyakazi walipoteza vidole, mikono na maisha. Mwaka 1873 Eli Janney akapata hati ya kapla ya nako inayojifunga yenyewe ikigongana na mwenzake, na mwaka 1893 Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha kapla za otomatiki na breki za upepo. Lengo lilikuwa moja: mtu asilazimike kusimama katikati wakati mabehewa yanasogea. Ule wenzo unaouona umetokeza pembeni ya behewa umewekwa pale kwa sababu hiyo, ukate ukiwa nje ya reli.

Ndani ya kapla kuna loki. Nako ikifunga, loki inashuka kwa uzito wake na kuizuia isifunguke. Ukinyanyua wenzo unanyanyua loki. Basi, hayo mengine ni ya karakana.

Uwe na hivi kabla hujagusa chochote

- Buti ngumu zenye chuma mbele na soli isiyoteleza, mana reli yenye mafuta au umande inateleza vibaya
- Glavu za ngozi, helmeti, na koti la kuakisi mwanga
- Tochi yenye chaji hata kama ni mchana, chini ya behewa kuna giza
- Redio koli iliyojaribiwa na dereva mwenyewe, sio na mtu mwingine ofisini
- Kabari halisi za chuma au mbao zilizochongwa kwa kazi hiyo
- Mipira michache ya akiba ya kuzibia vichwa vya hosi za upepo wa breki
- Taarifa: una mabehewa mangapi, yamebeba nini, mteremko wa laini unaelekea wapi

Vua pete, saa, kitambaa kinachoning'inia. Simu zima au iache ofisini.

Kuunganisha

1. Tembea laini yote kwanza kwa miguu. Angalia mabehewa yaliyosimama yamefungwa hendibreki (breki ya mkono ya behewa) kweli, hakuna fundi chini, hakuna mtu amelala kwenye kivuli (inatokea sana hasa mchana wa jua kali). Ukikuta bendera au kibao cha mafundi usikiondoe, anayekiondoa ni yule aliyekiweka, hata kama dereva anapiga honi amechoka kusubiri.

2. Ongea na dereva kabla hajasogea. Mwambie unaunganisha laini ipi, mabehewa mangapi, na utakuwa upande gani, wa kwake wa kulia au wa kushoto. Arudie yote. Akijibu "sawa sawa" peke yake hajarudia, mwambie arudie.

3. Fungua nako. Angalau moja kati ya mbili lazima iwe wazi, zote zikiwa zimefunga zitagongana tu na kurudishana. Hii ifanye kichwa kikiwa mbali, mita 15 au zaidi, kimesimama kabisa na dereva amekuthibitishia. Nyanyua wenzo, nako itafunguka, ikigoma ivute kwa mkono ukiishika kwa nje. Usipitishe vidole kwa ndani. Na usiisukume kwa mguu, nako moja inakaribia kilo 40 na kama pini yake imekatika au haipo inadondoka palepale juu ya kidole chako.

4. Tazama kama kapla mbili zinatazamana. Kwenye kona zinapishana, moja inapita pembeni ya nyingine na hapo mnavunja vitu. Ukiona haziko sawa zisogeze sasa hivi, kichwa kikiwa bado mbali, kwa mnyororo au mkanda wa kazi hiyo. Usisubiri kimefika mita mbili ndo unakumbuka kurekebisha.

5. Toka nje ya reli, simama pembeni mahali dereva anakuona, mbali kiasi kwamba behewa likiruka au kitu kikidondoka hakikufikii. Usisimame kwenye mataruma, usisimame kati ya laini mbili zilizo karibu.

6. Mlete dereva kwa kuhesabu umbali uliobaki kwa urefu wa mabehewa: kumi, matano, matatu, mawili, moja, nusu, simama. Hesabu iendelee bila kukatika. Kanuni nzuri ambayo Wamarekani wanaifuata ni kwamba dereva asiposikia hesabu nyingine anasimama ndani ya nusu ya umbali wa mwisho aliotajiwa, yaani ukisema manne alafu redio ikanyamaza, mawili tu yanatosha, anasimama. Kubalianeni hivo hata kama hakuna aliyewaagiza.

7. Simamisha kabla hazijagusana, angalia mara ya mwisho, alafu ndo umruhusu aguse. Mwendo ni wa mtu anayetembea. Marekani wanatumia maili 4 kwa saa, kama kilomita 6, China kikomo ni kilomita 5. Ukisikia kishindo kikubwa kimezidi, na mzigo umeshaumia hata kama haujauona.

8. Vuta. Mwambie dereva avute kidogo upande wa pili, hendibreki za mabehewa zikiwa bado zimefungwa. Zikishikana utaona kapla zimenyooka zimekaza. Sauti ya "kla!" ya kugongana sio ushahidi, nako inaweza kufunga na loki isishuke.

9. Baada ya kuvuta angalia loki kwa macho, kwa tochi, ukiwa pembeni. Lazima iwe imeshuka mpaka mwisho, na wenzo umerudi chini wenyewe. Loki iliyoning'inia katikati itashikilia yadini, alafu itaachia huko mbele kwenye mtikisiko.

10. Sasa hosi, na hapa ndo unaingia katikati kwa mara ya kwanza kwaiyo soma taratibu. Usiingie mpaka umeomba na umejibiwa. Amerika ya Kaskazini wana utaratibu wa mambo matatu ambao naupenda sana: dereva anafunga breki, anaweka rivasi (wenzo wa kuchagua mbele au nyuma) katikati, anakata umeme unaokwenda kwenye mota za magurudumu, alafu anakujibu kwenye redio kwamba yote matatu yamefanyika. Wewe unasema "naingia", yeye anajibu "ingia, nimefunga", na kuanzia hapo hagusi kitu mpaka umesema "nimetoka". Wewe mwenyewe useme, sio mwenzako akusemee. Wakiwa wawili ndani, wote wawili waseme wametoka.

11. Unganisha vichwa vya hosi, hakikisha mpira wa kuzibia upo kila upande. Fungua koki ya upande wa mabehewa, alafu ya upande wa kichwa polepole sana. Ukiifungua kwa pupa upepo unashuka ghafla kwenye bomba na breki za dharura zinakamata, mtaanza kujaza upya. Kaa pembeni ya hosi, usiwe usawa wake, ikichomoka inapiga kama rungu.

12. Toka. Sema umetoka. Subirini mpaka presha ifike hadi mwisho wa treni, kwenye mabehewa mengi ya kwetu ya breki za upepo ni karibu bar 5. Dereva afunge breki, mtu aende behewa la MWISHO aone breki zimekamata magurudumu, aachie, aone zimeachia. La mwisho, sio la tatu kutoka kichwani kwa sababu ndo ulipo. Koki moja iliyofungwa katikati inaacha nusu ya treni bila breki na dereva hana jinsi ya kujua akiwa amekaa kule mbele.

13. Hendibreki zinaachiwa mwishoni kabisa, breki za upepo zikiwa zimekamata. Ukizianza mapema kwa kuokoa muda umeliachia behewa kabla hujalishika.

Kama upo kwenye SGR ya Tanzania, juu yako kuna waya wa volti 25,000. Gurudumu la hendibreki kwenye baadhi ya mabehewa liko juu karibu na paa. Usipande, wala usinyanyue fimbo ndefu au bomba, mpaka umethibitishiwa umeme wa laini hiyo umekatwa na kufungiwa. Umeme huo hausubiri uguse waya, ukikaribia tu unaruka.

Kukata

Hapa watu wanaona ni kazi nyepesi, unanyanyua wenzo tu. Kumbe hatari kubwa iko huku, kwa sababu ukishakata behewa halina mtu.

1. Funga hendibreki za mabehewa yanayobaki KABLA ya kitu kingine chochote. Ngapi? Inategemea uzito na mteremko, shirika lako lina jedwali lake, lifuate, na ukiwa na shaka ongeza.

2. Zijaribu. Breki zote za upepo ziachiwe, za mabehewa na za kichwa pia, alafu dereva asukume au avute kidogo. Hendibreki peke yake ndo zishike. Yakisogea, funga nyingine ujaribu tena. Usiruke hatua hii, nitaeleza chini kwa nini.

3. Dereva abane kidogo, asukume kuelekea mabehewa mpaka kapla zilegee. Ikiwa imekaza loki hainyanyuki hata muwe wanaume watatu kwenye wenzo.

4. Omba kuingia, jibiwa, ingia. Dereva awe ameshusha presha na breki zimekamata. Funga koki ya upande wa kichwa, alafu ya upande wa mabehewa, shika hosi vizuri kwa mikono miwili, geuza uso pembeni, zitenganishe. Upepo uliobaki ndani ya hosi utatoka kwa nguvu, ndo mana nimesema uso pembeni. Kwenye mabehewa ya abiria kuna na nyaya za umeme, hizo ziwe zimezimwa na kuchomolewa kabla ya yote.

5. Alafu fungua tena koki ya upande wa mabehewa yanayobaki, polepole, upepo wote wa bomba utoke, na uiache wazi. Ukiifunga na kuondoka umefungia upepo ndani. Breki za otomatiki zinakamata presha ya bomba ikishuka, sasa presha iliyofungiwa inaweza kucheza kidogo na breki zikaachia zenyewe, na wewe upo kantini.

6. Toka, sema umetoka. Nenda kwenye wenzo ukiwa nje ya reli, nyanyua na ushikilie, mwambie dereva aondoke taratibu. Kapla zikiachana achia wenzo. Usitembee na treni umeshikilia wenzo huku unaangalia nyuma, kokoto hazitabiriki na ukianguka unaangukia kwenye reli.

7. Kichwa kisimame mita kama 10 mbele. Tazama mabehewa yaliyobaki kwa dakika kadhaa, sio kwa kupitisha macho. Weka kabari upande wa mteremko. Baada ya hapo ndo kichwa kiende zake.

Jiwe, upepo na hendibreki

Sasa lile swali. Jiwe halitoshi, na hii sio kauli ya kuogopesha watu, imeshatokea na watu wamezikwa.

Tarehe 12 Juni 1889, Armagh, Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto ilishindwa mlima. Wakaamua kuikata wapeleke nusu kwanza. Mabehewa kumi ya nyuma yakaachwa yameshikwa na hendibreki ya behewa moja la gadi (msimamizi wa treni) na mawe chini ya magurudumu. Breki za treni zilikuwa za aina isiyo ya otomatiki, ukikata tu hazipo. Kichwa kilipotaka kuondoka kikarudi nyuma kidogo, kikayagusa mabehewa, mawe yakasagika. Yakateremka yakakutana na treni nyingine, watu 80 wakafa. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likalazimisha breki za otomatiki kwa treni zote za abiria.

Mwezi Mei 2002, zaidi ya miaka mia moja baadae, Tenga karibu na Moamba, Msumbiji. Treni ya mchanganyiko ikapata hitilafu, mabehewa ya abiria yakakatwa na kuzuiwa kwa mawe. Yakaanza kuteremka, yakagonga mabehewa ya mizigo. Walikufa zaidi ya watu 190. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Juni, ikawa zamu yetu Igandu, Dodoma, treni ya abiria ikarudi nyuma kwenye mteremko ikagonga ya mizigo, watu 281. Ile ya kwetu haikuwa habari ya mawe wala ya kukata, lakini inakuonyesha mabehewa yanayoteremka bila kushikwa yanafanya nini.

Upepo nao hautoshi. Lac-Mégantic, Kanada, usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, matangi 72 ya mafuta ghafi yaliachwa kwenye mteremko. Hendibreki saba zilifungwa, na breki ya upepo ya kichwa ikawa inasaidia. Zilipojaribiwa, breki ya upepo ya kichwa haikuachiwa, kwaiyo treni ilipogoma kusogea ikaonekana hendibreki zinashika kumbe sio zenyewe. Usiku kichwa kikashika moto, wazima moto wakakizima injini, kompresa ikasimama, upepo ukavuja taratibu, na treni ikashuka kama kilomita 11 mpaka katikati ya mji. Watu 47. Ndo mana nimeandika pale juu breki zote za upepo ziachiwe, za kichwa pia.

Kwaiyo hendibreki ndo inashikilia behewa lililokatwa. Kabari ni nyongeza. Upepo ni wa treni inayotembea. Jiwe ni la kokoto, liache hapohapo chini.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kuingia katikati wakati kinasogea "nimalizie tu hosi". Kupita kati ya mabehewa mawili yaliyoachana kidogo, nafasi ya mita moja inafungwa kabla hujageuka, zunguka mbali na mwisho wa mabehewa, mita 10 hivi. Kupita chini ya treni iliyosimama, hii hata wauza karanga wa stesheni wanaifanya na wewe ndo wa kuwazuia. Kukanyaga juu ya reli badala ya kuivuka. Kupokea maelekezo ya watu wawili kwa wakati mmoja, shanta anayeongoza ni mmoja, wengine wote wana neno moja tu la kusema nalo ni "simama", na hilo dereva analitii likisemwa na yeyote.

Ikigoma

*Kapla zinagongana hazishikani.* Nako zote mbili zimefunga, au mko kwenye kona, au kimo kimepishana kwa sababu behewa moja limejaa na lingine tupu. Rudisha kichwa mita 15 ndo uende kuangalia. Kama kimo kimepishana sana usilazimishe, ita fundi wa mabehewa.

*Loki haishuki.* Mara nyingi ni mchanga, kokoto ndogo au kutu. Achanisheni, safisha, nyanyua na kushusha wenzo mara kadhaa ukiwa umejibiwa na dereva. Ikibaki juu behewa hilo halisafiri.

*Wenzo haunyanyuki.* Imekaza, omba dereva abane. Akibana na bado, angalia wenzo wenyewe kama umepinda au mnyororo umekatika. Usiingie kugonga loki kwa nyundo wakati kichwa kimeunganishwa na hujapewa ruhusa.

*Presha haifiki mwisho.* Tembea kutoka kichwani ukigusa koki moja moja, moja itakuwa imefungwa. Kama zote ziko wazi sikiliza sauti ya kuvuja, karibu kila mara ni mpira wa kichwa cha hosi umechakaa au haupo.

*Breki za behewa moja haziachii.* Kwanza angalia hendibreki yake, wengi wanasahau. Kama imeachiwa, vuta ile fimbo ya kutolea upepo pembeni ya behewa mpaka isikike imemaliza, lakini hakikisha treni nzima imeshikwa na kitu kingine kabla hujavuta.

*Treni imekatika njiani.* Hosi zikiachana upepo unatoka na pande zote mbili zinafunga breki zenyewe. Usikimbilie kuunganisha. Nenda kwenye kipande cha nyuma, funga hendibreki, alafu mjulishe mwongoza treni kwamba laini imezibwa. Baada ya hapo ndo uangalie kilichokatika: nako ikiwa na ufa wenye kutu wa zamani na chuma kipya king'avu pembeni yake, ilikuwa imeanza kupasuka siku nyingi, usiitupe, ipeleke karakana pamoja na namba ya behewa.